Harusi ya Kiyahudi bila wapambe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nafasi ya marafiki

Maswali haya yanatoka pande mbili: kwa maharusi wanaotaka marafiki wao wawe karibu, na kwa marafiki waliopata kadi ya mwaliko wasijue wajiweke wapi. Wengi wao wamezoea harusi ambazo matroni, msimamizi na wapambe wana viti vyao na sare zao. Katika mambo ya sheria, neno la mwisho ni la rabi anayefungisha ndoa. Majibu haya yatakusaidia umwendee ukijua cha kumwuliza.

## Mambo ya msingi

Je, harusi ya Kiyahudi inakamilika bila wapambe?

Inakamilika, tena kabisa. Kinachotakiwa ni maharusi wenyewe, pete ambayo ni mali ya bwana harusi, mashahidi wawili, ketuba (hati inayoandika wajibu wa mume kwa mkewe), na watu kumi ili zile baraka saba zisomwe. Wapambe hawamo katika orodha hiyo. Huko Israeli, harusi nyingi hufungwa bila hata mmoja, na hakuna mgeni anayeshangaa.

Mbona basi nimeona harusi za Kiyahudi zenye mabinti sita wa sare moja?

Umeona kweli. Ni desturi iliyotoka kwa majirani, hasa katika nchi kama Uingereza na Marekani, na anayeipenda hajakosea. Ila asiyeitaka asijione anapunguza kitu.

Kwa hiyo mila yenyewe haina cheo chochote cha rafiki?

Inacho, na ni cha kale. Anaitwa *shushbin*, rafiki anayesimama na bwana harusi au bibi harusi. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, katika sehemu ya Berakhot, inasema Mungu mwenyewe alikuwa shushbin wa Adamu siku alipomletea Hawa. Wasomaji wa Biblia watakumbuka pia wale vijana thelathini waliowekwa pamoja na Samsoni katika Waamuzi 14.

Kuna jambo moja ambalo mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi atalielewa mara moja. Mishna, sehemu ya kale zaidi ya Talmudi, katika Bava Batra, inasema zawadi ya shushbin inadaiwa hata mahakamani: ukinichangia kwangu, siku yako ikifika nami nakurudishia, na nisiporudisha unaweza kunishitaki. Hata yale madaftari ya michango ya kwetu hayajafika huko! Lakini unaona jinsi urafiki wa harusi ulivyochukuliwa kwa uzito. Shushbin alikuwa na jambo la kutenda, na ukitaka kuwashirikisha marafiki bila wapambe, anzia hapo: mpe kila mmoja kazi yake.

Nani huwasindikiza maharusi, kama hakuna msafara wa wapambe?

Kwa kawaida ni wazazi. Kwa Waashkenazi wengi (Wayahudi wa asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki), bwana harusi huja katikati ya wazazi wake wawili, na bibi harusi hivyo hivyo, wakati mwingine wasindikizaji wakiwa na mishumaa mikononi. Mahali ambapo mzazi amefariki au hayupo, rafiki wa karibu au mume na mke wanaopendwa na maharusi wanaweza kuchukua nafasi hiyo. Ukiombwa kazi hii, usiikubali juu juu. Umeombwa kusimama mahali pa mzazi.

## Kabla ya siku yenyewe

Marafiki wanaweza kufanya nini kabla ya harusi?

Mengi, na huku ndiko mara nyingi urafiki unakoonekana zaidi. Kwa Waashkenazi, Sabato moja kabla ya harusi bwana harusi huitwa mbele ya sinagogi kubariki Torati, na akimaliza watu humrushia peremende. Rafiki mmoja anatosha kununua peremende laini (zile ngumu zinaumiza) na kuzigawa kabla, watoto wasije wakamaliza mfuko. Marafiki wa bibi harusi nao hukutana naye Sabato hiyo kwa kula na kuimba.

Bibi harusi wengi huenda mikve, birika la maji la kujitakasia, katika siku za mwisho kabla ya ndoa. Rafiki wa kike anaweza kumpeleka, kumsubiri na kurudi naye. Mtu wa nje hataiona kazi hiyo, lakini yeye ataikumbuka.

Kisha kuna hina. Wayahudi wa asili ya Yemen, Moroko na nchi nyingine za Mashariki wana usiku wa hina, wenye nguo za kitamaduni, ngoma, sinia za vitu vitamu na viganja vinavyopakwa. Msichana wa Mombasa au Unguja akialikwa huko hahitaji mkalimani. Anayejua kupaka ajitolee.

Nimeambiwa nitakuwa “mlinzi” wa bibi harusi. Namlinda dhidi ya nini?

Ni desturi kwamba maharusi wasiachwe peke yao siku ya harusi, na wengine huanza siku kadhaa kabla. Mlinzi analala nao nyumba moja, anatembea nao, anahakikisha hawatoki bila mtu wa kwenda nao. Ukiuliza kwa vitendo, unamlinda dhidi ya simu. Mpishi anapiga, shangazi amepotea njia, mwenye maua anadai salio, na yote hayo yanaishia kwako. Maharusi wengi hufunga siku hiyo hadi baada ya ndoa, kwa hiyo jua pia mahali pa kupata kivuli na kiti. Kwa mtu aliyetarajia kuwa matroni, kazi hii ndiyo inayokaribiana zaidi na umatroni.

## Kazi za siku ya harusi

Nani anaweza kuwa shahidi, na kwa nini ndugu wanakataliwa?

Katika yote ambayo maharusi wanaweza kumpa rafiki, hakuna heshima inayozidi hii, na ndugu hawawezi kuipata. Shahidi hatakiwi kuwa na undugu na bwana harusi, wala na bibi harusi, wala na shahidi mwenzake. Baba, kaka, babu, mjomba, mpwa, binamu wa kwanza, wote wako nje, pamoja na wale walioingia kwa ndoa kama shemeji. Ndoa inathibitishwa na macho ya watu wawili wasio na damu ya pamoja na maharusi. Maana yake ni kwamba sheria yenyewe imewaachia marafiki nafasi ambayo familia haiwezi kuichukua.

Jambo hili linachukuliwa kwa makini kiasi kwamba, kabla pete haijavishwa, marabi wengi huwateua mashahidi kwa sauti: ninyi wawili, na si mwingine yeyote. Sababu ni kwamba ndugu waliosimama pale wanatazama pia, na katika sheria ushahidi uliochanganyika na wa ndugu unaweza kuanguka wote. Kwa kuwataja wawili, rabi anawaweka wengine wote kando.

Mashahidi wa ketuba si lazima wawe wale wale wa pete. Wengine huweka pia mashahidi wawili wa yikhudi (tazama swali la mlango hapa chini). Ukigawa hivyo, marafiki sita wamepata nafasi.

Kwa Waorthodoksi (Wayahudi wanaoshika sheria ya kale kwa ukamilifu), shahidi ni mwanamume Myahudi mtu mzima anayeshika Sabato. Katika madhehebu ya Konsavativu marabi wengi hukubali wanawake, na katika Reformu wanawake ni mashahidi kama wanaume. Usimwahidi mtu kabla ya kumwuliza rabi. Kumnyang’anya rafiki nafasi uliyokwisha kumpa kunaumiza kuliko kutompa.

Shahidi wa ketuba anafanya nini hasa?

Mnakaa mezani. Rabi anampa bwana harusi kitambaa, au hata kalamu, anakishika na kukiinua mbele ya mashahidi, na hiyo ndiyo alama kwamba amekubali masharti ya hati. Kisha shahidi anatia sahihi kwa Kiebrania, kutoka kulia kwenda kushoto: jina lake, “mwana wa” au “binti wa” fulani, na mwisho neno *ed*, yaani shahidi, lenye herufi mbili tu. Ketuba nyingi ni kazi ya mkono ya msanii, itatundikwa ukutani miaka na miaka, na hakuna ya pili. Utaona mtu mzima, daktari au wakili, mkono unamtetemeka juu ya herufi mbili. Fanya mazoezi nyumbani kwenye karatasi ya kawaida, na ulizia wino wa aina gani utatumika.

Na yule binamu yangu tuliyelelewa pamoja, aliyekosa ushahidi kwa ajili ya damu?

Mpe baraka moja kati ya saba, au ketuba aisome mbele ya watu, au nguzo ya khupa (tazama swali linalofuata). Undugu haumzuii katika hayo.

Kushika nguzo za khupa kukoje?

Khupa ni kile kitambaa kilichotandazwa juu ya nguzo nne ambacho maharusi husimama chini yake, mfano wa nyumba yao mpya. Khupa nyingine zinasimama zenyewe. Nyingine zinashikwa na watu wanne, na kwa maharusi wasio na wapambe hii ni njia nzuri sana, kwa sababu marafiki wanne wanakuwa kuta za nyumba hiyo tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa mambo ambayo watu hawaambiwi. Ibada huchukua kama dakika 20 hadi 30, na nguzo iliyobebwa hewani inachosha mkono ndani ya dakika tano. Tafuteni nguzo ndefu inayogusa chini, ili kazi yako iwe kuisimamisha tu. Wenye vimo vinavyokaribiana wakae upande mmoja, la sivyo kitambaa kinainama na kumgusa rabi kichwani. Nje kuna upepo, kwa hiyo vuteni pembe zenu kidogo kidogo kuelekea nje. Kama kitambaa ni taliti, shali ya sala ya babu wa mmoja wa maharusi, fundo la kila pembe lifungwe na mtu mmoja mwenye subira, tena mapema, kwa maana nyuzi za pembeni hazitakiwi kukatika. Mkiwa marafiki wanane, badilishaneni kati ya pete na baraka saba, pale ketuba inaposomwa.

Baraka saba zinagawanywaje?

Ya kwanza ni ya divai. Nyingine sita zinapanda kutoka kwenye uumbaji hadi kwenye furaha ya maharusi hawa na sauti zao katika njia za Yerusalemu. Kila moja inaweza kusomwa na mtu wake, akiitwa kwa jina. Kwa Waorthodoksi wasomaji ni wanaume Wayahudi, na husoma kwa Kiebrania. Kwingineko wanawake husoma pia, na mara nyingi watu huja wawili wawili, mmoja anasoma Kiebrania, mwenzake anafuata na tafsiri kwa lugha ya wageni. Kama nusu ya ukumbi ni watu wa Nairobi au Arusha, tafsiri ya Kiswahili ina haki yake pale.

Wapelekee wasomaji maandishi wiki mbili kabla, kwa herufi kubwa, yakiwa na matamshi kwa herufi za Kilatini kwa wanaoyahitaji. Baraka ya saba ndiyo ndefu, na watu huiimba. Mpe mwenye sauti.

Tishi na bedekeni ni nini, na rafiki anafanya nini huko?

Tishi ni meza ya bwana harusi kabla ya ndoa. Anaanza kutoa somo la Torati, na marafiki wanamkatiza kwa wimbo kila akifika sentensi ya pili. Wanafanya hivyo kwa wema: asiyejua kusoma sana na msomi mkubwa wote wanakatizwa sawa, hakuna anayeaibika. Kazi ya rafiki ni kujua nyimbo na kuanza kwa wakati.

Kutoka hapo marafiki wanamcheza bwana harusi, wakirudi kinyumenyume mbele yake, hadi alipokaa bibi harusi. Anamtazama usoni, kisha anamfunika shela. Ndiyo bedekeni. Husimuliwa kwamba ni kwa ajili ya Yakobo, aliyefanya kazi miaka saba kwa Raheli akaamka na Lea. Ukiwa rafiki wa bibi harusi, simama nyuma ya kiti chake. Dakika ile muziki unapokaribia mlangoni, wengi wao hutafuta mkono wa kushika.

Kwa nini kuna mtu amesimama mlangoni baada ya glasi kuvunjwa?

Glasi ikishavunjwa kukumbuka kubomolewa kwa Hekalu, watu wanapiga kelele “Mazel tov!”, na kwa desturi ya Waashkenazi maharusi huingia chumba cha faragha kwa dakika chache. Hii ni yikhudi. Mashahidi wanahakikisha chumba ni kitupu na mlango umefungwa. Rafiki mwingine awe ameshaweka humo maji, matunda na chakula chepesi, maana hao wamefunga tangu alfajiri. Mpiga picha asipewe ufunguo.

Nani abebe pete?

Mtu yeyote asiyepoteza vitu. Kwa desturi pete ni ya metali isiyo na jiwe.

## Marafiki wasio Wayahudi

Mimi ni Mkristo (au Mwislamu). Kuna nafasi yangu?

Ipo. Ushahidi wa ketuba na pete kwa kawaida si wako, na baraka za Kiebrania pia. Lakini unaweza kusoma tafsiri, kumsindikiza rafiki yako, kuwa mlinzi wake siku nzima, kuongoza dansi, na kwa marabi wengi kushika nguzo ya khupa. Mwanamume utapewa kipa, kofia ndogo ya kuvaa kichwani. Ivae kwa heshima, haikubadilishi dini. Katika harusi ya Kiorthodoksi vaa nguo ya kusitiri, na tarajia wanaume na wanawake kukaa au kucheza mbalimbali. Kwa wengi wa pwani hilo si geni.

Kitu kimoja cha kuepuka: usilete sufuria ya pilau kutoka nyumbani bila kuuliza. Chakula cha harusi nyingi ni koshero, yaani kimeandaliwa kwa sheria za Kiyahudi za chakula, na sufuria moja inaweza kumwingiza mpishi matatani.

Harusi hizi zinafanyika Afrika Mashariki pia?

Ndiyo. Nairobi ina jumuiya ya Kiyahudi tangu mwanzo wa karne ya 20. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jamii iliyoanza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Rabi wao Gershom Sizomu aliwekwa wakfu mwaka 2008. Tarehe tu ndizo za kuangalia: hakuna harusi siku ya Sabato, kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku, na kuna majuma ya mwaka, kama yale matatu kabla ya tarehe 9 ya mwezi wa Av katika kalenda ya Kiyahudi, ambayo ndoa hazifungwi.

## Karamu na siku zinazofuata

Sina kazi yoyote niliyopewa. Nitakaa tu?

Hapana, simama. Kuwafurahisha maharusi ni amri, na iko juu ya kila mgeni. Talmudi inamlaumu anayekula karamu ya bwana harusi bila kumfurahisha. Katika Ketubot, sehemu nyingine ya Talmudi, tunasoma kuhusu Rav Shmuel bar Rav Yitzhak, mzee wa heshima aliyekuwa akicheza mbele ya bibi harusi akirusha vijiti vitatu vya mhadasi. Mwenzake alisema anawaaibisha wasomi. Alipofariki, nguzo ya moto ilitenga kati yake na watu wote, na ikasemwa kwamba vile vijiti ndivyo vilivyomfaa.

Kwa hiyo rukaruka, vaa kofia ya vichekesho, cheza na chupa kichwani kama unaweza, ingia kwenye duara. Wanaobeba viti vya maharusi wawe wanne hadi sita kwa kila kiti, wenye mgongo mzima, na mmoja ahesabu kwa sauti kabla ya kuinua na kabla ya kushusha. Kushusha ndiko kwenye hatari.

Siku saba baada ya harusi ni za nini?

Marafiki hupokezana kuwaalika maharusi kwa chakula, na wakipatikana watu kumi, pamoja na angalau mgeni mmoja mpya ambaye hakuwa kwenye harusi, baraka saba husomwa tena mwisho wa mlo. Kama uliwaza kuwavalisha marafiki saba sare, fikiria kumpa kila mmoja jioni moja.

## Hali ngumu

Rafiki yangu wa utotoni ameumia kwamba hakuna wapambe. Nimwambieje?

Mpigie simu, usimwandikie. Usianze na maelezo ya mila, anza na yeye: “Shoga yangu, asubuhi ile mtu wa kwanza nitakayemwona nataka awe wewe, na hadi naingia khupa usiniache.” Akishajua nafasi yake kwa jina na saa, sare atazisahau. Mwandike pia kwenye karatasi ya mpangilio wa harusi, jina lake na alichofanya.

Marafiki ni wengi kuliko kazi.

Msibuni kazi za bure. Mtu akipewa kushika ua lisilohitaji kushikwa, anajua. Jazeni kwanza zile jioni saba.

Rafiki yuko mbali na hawezi kuja.

Hawezi kuwa shahidi kwa video katika ndoa nyingi, kwani anatakiwa awepo. Anaweza kuandika barua isomwe kwenye tishi. Wengine walio mbali hugawana Zaburi zote 150 kati yao, kila mtu na zake, wakazisoma zote siku ya harusi.

Rafiki ni mjamzito, au hawezi kusimama muda mrefu.

Kiti kando ya khupa. Nguzo inashikika ukiwa umekaa.

Rafiki amefiwa karibuni na mzazi. Tumwalike?

Mwalike, na mwacheni achague. Kwa sheria, aliyefiwa na mzazi hukaa mbali na karamu na muziki kwa mwaka mzima, na aliyefiwa na ndugu kwa siku 30. Watu wengi huishia hapo, wakaamua asije. Lakini Rabi Moshe Isserles wa Kraków, katika karne ya 16, aliandika desturi ya Waashkenazi kwamba mfiwa anaweza kuingia harusini akihudumu. Kwa hiyo anapewa kazi ya kweli: amwage divai, agawe vijitabu vya sala ya baada ya chakula, apeleke sahani kwenye meza za wazee. Hachezi, ila yumo.

Mpangeni na rabi wake, kisha mwambieni msimamizi wa chakula mapema jina lake na meza zake, ili akifika mlangoni mtu ampe aproni mkononi asianze kueleza msiba wake kwa wageni.